Unaanza kusoma homoni za thairoidi kwa kupima protini? Soma hii kabla hujagusa jeli

Nyie mnaoingia maabara sasa hivi mkiwa na mada ya homoni za thairoidi na matumizi ya nishati mwilini, naomba niongee na nyie kidogo, maana naona wengi mnakimbilia jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa na antibodi za kuzitambua wakati kazi inaharibikia mbali kabla ya hapo. Nimekaa na hii kazi muda mrefu na naipenda sana, na kitu ninachotaka mkishike ni kimoja tu: bendi ya protini (ile alama inayotokea mwishoni) peke yake haina maana mpaka ujue imetoka tishu gani, imechukuliwa muda gani baada ya homoni kuingia, na huyo panya au hizo seli kweli zilikuwa na homoni kiasi gani.

Tezi ya thairoidi inatoa homoni mbili, T4 (thairoksini) kwa wingi na T3 kidogo, alafu T3 ndo inaingia kwenye kiini cha seli na kufanya kazi. Sasa T4 inageuzwa kuwa T3 huko huko kwenye tishu na vimeng'enya viwili, D1 na D2, na kuna D3 ambayo kazi yake ni kuizima. Kwa hiyo unaweza ukapima damu ukakuta T3 iko sawa kabisa, kumbe ndani ya mafuta ya kahawia, yale yanayochoma nishati kutoa joto, mambo ni mengine kwa sababu D2 ya pale inajitengenezea T3 yake. Kwamba tezi hii inapandisha matumizi ya oksijeni watu wanajua tangu Magnus-Levy mwaka 1895, lakini vipokezi vyenyewe, yaani protini zinazoipokea T3 ndani ya seli, vilikuja kujulikana 1986. Viko vya aina mbili, TRα na TRβ, ini linasikiliza zaidi TRβ, moyo unasikiliza zaidi TRα. Hii sio habari ya kukariri kwa ajili ya mtihani, ni msingi wa dawa: resmetirom iliyopitishwa Marekani mwaka 2024 kwa ugonjwa wa ini lenye mafuta inalenga TRβ, ili ini lifaidike na moyo usisumbuliwe. Kwa hiyo mtu akikwambia "T3 inaongeza protini fulani" muulize wapi, ini, moyo, msuli au mafuta? Asipokuwa na jibu hapo bado hajasema kitu.

Suala la muda ndo linaumiza wengi. T3 inafanya kazi zaidi kwa kuwasha na kuzima jeni, kwa hiyo mRNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) inaweza kupanda ndani ya masaa, protini inafuata nyuma, na kama unasubiri mitokondria ziongezeke hapo ongelea siku. Ukivuna seli mapema sana ukakosa tofauti sio kwamba homoni haifanyi kazi, hujaipa nafasi tu. Na upande wa pili pia, kuondoa homoni kunachukua muda. Panya akinywa methimazole, dawa inazuia homoni mpya kutengenezwa, ila ile iliyohifadhiwa kwenye tezi ndani ya protini iitwayo thairoglobulini bado ipo na inaendelea kutoka, ndo maana watu wanawapa dawa kwa wiki kadhaa. Halafu usiandike "panya wenye upungufu wa homoni" kwa sababu tu walikunywa dawa, pima T4 uone imeshuka, pima TSH, homoni ya ubongoni inayoisukuma tezi, uone imepanda. Na mjue PTU, dawa nyingine ya kuzuia tezi, sio sawa na methimazole, PTU inazuia na D1 pia, kwa hiyo ukilinganisha karatasi mbili zilizotumia dawa tofauti kuwa makini.

Wa seli nao wasikilize. Seramu ya ndama unayoweka kwenye chakula cha seli ina T3 na T4 ndani yake, yaani kundi lako la "bila homoni" linakula homoni kila siku bila wewe kujua. Tumia seramu iliyosafishwa kwa mkaa, na makundi yote yale hiyo hiyo, maana mkaa hauchagui, unaondoa na homoni nyingine. Kundi la kontroli lipewe kile kimiminika ulichoyeyushia T3, ujazo ule ule. Alafu watu wengi wanaweka T3 nanomola 10 mpaka 100, wakati T3 huru kwenye damu ya binadamu iko kwenye pikomola chache, kwa hiyo ukitumia dozi hiyo sawa, lakini usije ukaandika kwamba ni hali ya kawaida ya mwili.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwenye jeli ni joto la chumba cha panya. Nyuzi 22 sisi tunaona poa, panya yeye anasikia baridi, raha yake iko karibu na nyuzi 30. Kwenye 22 mfumo wa neva wa simpathetiki tayari unachochea mafuta ya kahawia na UCP1, protini yake ya kutoa joto, iko juu, sasa unataka kujua T3 imefanya nini wakati baridi imeshafanya nusu ya kazi. Andika joto la chumba kwenye daftari kila siku.

Sasa twende kwenye westani bloti yenyewe, yaani hiyo njia ya kupima protini kwa jeli na antibodi. Nawaomba msichemshe kila sampuli nyuzi 95 eti kwa sababu protokoli ya maabara inasema hivyo. Protini nyingi tunazozitafuta kwenye mada hii zimekaa kwenye utando wa seli au wa mitokondria, na ukizichemsha baadhi zinagandana na kukwama juu kabisa ya jeli. Ukitumia ule mchanganyiko wa antibodi za mnyororo wa mitokondria, MTCO1, ambayo ni protini ya kompleksi ya nne ya mnyororo huo, inapotea ukichemsha, unaanza kuhangaika kwamba kompleksi ya nne imeisha, kumbe umeipika. Lakini fosfolambani, protini ya moyo inayozuia pampu ya kalsiamu, ni kinyume chake na ndo mfano wangu mzuri wa kufundishia: usipochemsha molekuli zake zinashikana tano tano na bendi inatokea karibu na kilodaltoni 25 (kipimo cha ukubwa wa protini), ukichemsha inaachana na kushuka mpaka kwenye 6 hivi. Mtu asiyejua anaona bendi ya 25, anasema antibodi mbovu, anatupa. Na hiyo fosfolambani ina maana kubwa hapa, T3 inaishusha huku ikipandisha pampu yenyewe, SERCA2a, kalsiamu inarudishwa haraka na moyo unalegea haraka, kwa hiyo pimeni zote mbili na muangalie uwiano wake.

Protini ya kulinganishia, ile ya kuhakikisha kila mstari wa jeli umewekewa kiasi sawa, nayo inahitaji akili. GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja glukosi, na wewe unasoma homoni inayogusa uvunjaji wa glukosi, kwanini uitegemee kama kitu kisichobadilika? Paka Ponceau, rangi inayoonyesha protini zote, kwenye karatasi ya bloti, piga picha, tumia protini yote ya mstari. Inachukua dakika chache tu.

D2 msijisumbue kuitafuta kwa bloti. Ni kidogo mno, na ikikutana na T4 inawekewa ubikwitini, alama ya kuvunjwa, na kuvunjwa, nusu yake inaisha kabla ya saa moja kufika. Hiyo inapimwa kwa utendaji wake, sio kwa bendi. Na protini za kuongezewa fosfeti kama AMPK, kimeng'enya kinachohisi upungufu wa nishati kwenye seli, zinabadilika ndani ya dakika baada ya mnyama kufa, kwa hiyo nitrojeni ya maji iwe pembeni yako kabla hujaanza kupasua na dawa za kuzuia fosfatesi (vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti) ziwe kwenye bafa tayari.

Na hapa kwenye UCP1 naomba mkae kidogo. Mafuta ya kahawia ya panya aliyepewa homoni nyingi yanaweza kubadilika ukubwa na kiasi cha mafuta ndani yake, sasa wewe ukiweka mikrogramu 20 kila mstari unapima UCP1 kwa kila kipimo cha protini, hujapima UCP1 aliyonayo panya mzima. Kwa hiyo pima uzito wa tishu yote, pima protini yote uliyoipata (toa ile tabaka ya mafuta inayoelea juu baada ya kuzungusha, inavuruga kipimo), alafu zidisha upate jumla. Matokeo yanaweza kugeuka kabisa. Tena hata hiyo jumla ni kiasi tu, sio kazi. Panya wasio na UCP1 kabisa ukiwapa thairoksini bado matumizi yao ya oksijeni yanapanda, kwa hiyo ukiwa na bendi nene ya UCP1 huna ruhusa ya kuandika kwamba ndo imeleta joto, tafuta kipimo cha oksijeni kiende pamoja na bloti.

Wale wa proteomiki ya masi spektrometa, yaani kupima protini nyingi kwa pamoja kwa mashine, nina moja tu kwenu: panya watatu waliopimwa mara tatu tatu bado ni panya watatu, sio tisa. Ongeza wanyama kabla hujaongeza masaa ya mashine, na changanya mpangilio wa sampuli, usipitishe kontroli zote Jumatatu na za T3 zote Jumanne.