Barua kwa mwanangu: Kumwondolea mgonjwa mashine ya kupumulia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na umpe mkeo pole zangu nyingi. Umeniandikia kwamba mzee, mkweo, alipigwa na kiharusi kikubwa, yumo chumba cha wagonjwa mahututi, mashine inampumulia, na daktari anataka familia iseme kama iondolewe. Mkeo anaona kuiondoa ni kumuua baba yake. Shemeji zako wamegawanyika. Unaniuliza: ni kuua, au siyo?

Siyo kuua, ikiwa mashine haiwezi tena kumrudisha kwenye maisha ambayo mwenyewe angeyakubali. Lakini kabla hamjafika huko, mwulizeni daktari jambo moja: ubongo wa mzee umekufa, au umeharibika vibaya? Watu huyachanganya haya kila siku. Tangu kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipotoa vigezo vyake mwaka 1968, nchi nyingi zimekubali kwamba kifo cha ubongo ni kifo. Hupimwa pale pale kitandani: mboni haziitiki mwanga, hakohoi mrija unapomgusa ndani ya koo, kisha anatolewa kwenye mashine kwa dakika kadhaa huku akipewa oksijeni, waone kama hewa chafu ikijaa damuni atajaribu kuvuta hata pumzi moja. Mwili ukiwa umepoa, au dawa za usingizi zikiwa bado zimo damuni, kipimo hicho hakiaminiki. Basi ulizeni dawa hizo alipewa lini mara ya mwisho. Ikithibitika ubongo umekufa, hakuna tiba ya kujadili, mzee ameshafariki. Kama anakohoa, au anavuta pumzi zake japo mojamoja, yu hai, na hapo ndipo hoja ya mkeo inapohitaji jibu.

Mwambie habari za Karen Ann Quinlan wa New Jersey, Marekani. Alikuwa msichana aliyepoteza fahamu, na baba yake akaenda mahakamani kuomba mashine iondolewe. Mwaka 1976 mahakama ilikubali. Mashine ikaondolewa, naye akaendelea kupumua mwenyewe hadi alipofariki mwaka 1985. Ukiondoa mashine unauachia mwili ufanye unachoweza. Ukishindwa, kilichoushinda ni maradhi. Sindano ya sumu inamuua hata mtu mzima wa afya. Mashine ya kupumulia ukimwondolea mtu mwenye afya, anainuka na kwenda zake. Kwangu mimi tofauti hiyo inatosha.

Kuna watakaosema afadhali isingewekwa kabisa, kwa kuwa kuitoa ni kosa kubwa kuliko kutoiweka. Fikra hiyo naipinga kwa nguvu, maana inaumiza wagonjwa. Ndugu wakiogopa kwamba kilichowekwa hakitoki, watamkatalia mrija wa mashine hata mtu ambaye angepona nimonia yake kwa siku nne. Sababu inayokuruhusu usiianze tiba, yaani haitamsaidia au mwenyewe haitaki, ndiyo hiyo hiyo inayokuruhusu uisimamishe.

Njia nzuri ni jaribio lenye muda. Ubongo ukiumia vibaya, wataalamu hushauri kusubiri angalau saa 72 kabla ya kukata tamaa, kwa sababu siku za mwanzo dalili hudanganya. Kubalianeni na daktari mnatazamia nini (afumbue macho akiitwa, akamate kidole akiambiwa), lini mtakutana tena, na mtafanya nini dalili hizo zisipoonekana. Yaandikwe kwenye faili. Yasipoandikwa, zamu zinabadilika, siku zinapita, na baada ya wiki mbili hivi mtaambiwa sasa inabidi atobolewe koo ili mrija ukae muda mrefu. Mtaitikia kama jambo dogo, kumbe ndio uamuzi mkubwa mliokuwa mkiuahirisha.

Mkikutana, likataeni swali la "mnataka tufanye kila linalowezekana?" Hakuna mtoto anayeweza kulijibu hapana. Ulizaneni badala yake: mzee angekaa nasi hapa dakika kumi, akajiona, angesema nini? Kila mmoja aeleze alichomsikia akisema kuhusu wagonjwa wengine, kuhusu kuogeshwa na kulishwa, kuhusu yapi yalimfanya aone maisha yana maana. Hapo mkeo hatoi ruhusa baba yake afe. Anatoa ushahidi wa matakwa yake, na huo mzigo anaweza kuubeba.

Sasa mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, kwa kuwa umesema ndiyo inayomtisha mkeo zaidi, akidhani ndiyo itakayomuua baba yake. Anayeondolewa mashine apewe mofini kabla mrija haujatoka, asisubiriwe aanze kuhangaika. Kwa asiyeizoea, huanza miligramu 2 hadi 5 kwenye mshipa, na hurudiwa kila baada ya dakika 10 hadi 15 mpaka pumzi zitulie. Mtazameni paji la uso likikunjamana, pua zikipanuka, pumzi zikizidi 30 kwa dakika: dozi haijatosha. Akiwa ametulia, hakuna sababu ya kuongeza, na hapo ndipo nia ya mtoa dawa inapoonekana, kwenye kipimo chenyewe. Dawa za kulegeza misuli lazima ziwe zimekwisha nguvu kwanza, la sivyo atateseka bila kuweza kuonyesha. Kengele za mashine zizimwe. Kama ana kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa kifuani, kizimwe pia, kisije kikampiga shoti wakati anakata roho.

Dripu ipunguzwe au isimamishwe, kwani maji hayo yanaweza kuishia kwenye mapafu. Midomo ilowanishwe kwa kitambaa chenye maji. Akikoroma kwa makohozi, mgeuzeni ubavu. Kumnyonya makohozi kwa mrija hadi ndani ya koo humsumbua bila faida. Na ulizeni mapema atahamishiwa wapi, kwa sababu inaweza kuchukua dakika, saa au siku kadhaa, na waliotegemea dakika huanza kudhani kuna kilichokosewa.

Shemeji mmoja akiendelea kukataa, msipige kura. Mwombeni daktari akae naye peke yake, amwonyeshe picha ya ubongo, amjibu maswali yake yote. Siku moja au mbili zaidi, mzee akiwa hana maumivu, hazitamdhuru. Ndugu aliyeshindwa kwa kura atawalaumu miaka mingi.

Mama yako