Modeli ya Bure Ina Bei, na Bei Yenyewe Ni Jina

Kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia inboksi wiki hii: "Bro, modeli ya 3D nimeipakua bure. Mwanga nimeweka mimi, kamera nimepanga mimi, kompyuta imerenda usiku kucha na luku nimelipa mimi. Sasa jina la mtu mwingine linaingiaje hapo?" Nilimjibu kwa mkato kwa sababu swali lake lilinitonesha kidonda, na kidonda hicho hakukisababisha yeye. Leo namjibu vizuri. Nyote mnaotafuta riziki kwa Blender, ile programu ya kutengeneza picha na katuni za 3D, sogeeni.

Kidonda ni jahazi langu, modeli ya 3D niliyoijenga mwenyewe. Wanaonifuata toka zamani wanalijua. Nilikwenda Bagamoyo nikapiga picha jahazi lililopandishwa ufukweni, ubao kwa ubao, nikamsumbua nahodha kwa maswali mpaka akaniuliza kama nataka kulinunua. Mlingoti nikauinamisha kwa mbele unavyotakiwa (wengi huusimamisha wima kama wa meli za Wazungu, na hapo umeshaharibu). Foromali, ile boriti inayobeba tanga, nikaifunga kwa kamba niliyoisokota uzi kwa uzi. Na kwenye tanga, karibu na ile pembe inayofungwa demani (kamba ya kuvutia tanga), nikaweka kiraka kama nilivyokiona pale: kipande cha turubai la buluu, kimeshonwa kwa haraka, pembe moja imechomoka inapepea.

Nikalipakia Sketchfab, tovuti ya kuwekea modeli za 3D, kwa leseni ya Creative Commons, ile ya CC BY. Wasioijua: CC BY inasema chukua, badilisha, hata kwenye biashara tumia, ila nitaje. Sikuomba shilingi.

Basi kampuni moja ya matangazo ikalichukua. Rafiki yangu ndiye aliyenitumia picha WhatsApp: "Hongera kaka, dili kubwa hilo!" Nikaikuza. Machweo, bahari imetulia, bidhaa ya mteja wao mbele, na nyuma yake linapita jahazi. Nikakuza zaidi. Kiraka cha buluu kile pale, na pembe yake iliyochomoka. Nikashuka kwenye maelezo ya posti kutafuta jina langu, nikakuta: "Picha kwa hisani ya mtandao."

Jamani, huyu Mtandao ni nani? Ana mikono? Alikwenda Bagamoyo lini? Kila gazeti, kila ukurasa wa Instagram, picha kwa hisani yake. Ndiye msanii mwenye kazi nyingi kuliko wote Afrika Mashariki na hajawahi kulipwa.

Niliwaandikia kwa adabu. Wakanijibu kwamba modeli ilikuwa ya bure. Nikawaeleza tena, kwa adabu ileile, kwamba toleo la 4.0 la leseni hizi, lililotoka mwaka 2013, linasema wazi: ukivunja masharti, ruhusa yako inakatika palepale, lakini ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue, inarudi yenyewe bila kumbembeleza mtu. Waongeze mstari mmoja tu kwenye posti, yaishe. Kimya. Tangazo likamaliza muda wake, wakahamia kazi nyingine. Najua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake, na Zanzibar na Kenya wana sheria zao. Lakini gharama za wakili mnazijua. Niliacha. Sijasahau, ila niliacha.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Jahazi hilohilo lilichukuliwa na mwanafunzi mmoja wa Mombasa kwa katuni yake fupi ya chuo. Yeye jina langu aliliweka kwenye mstari wa kwanza kabisa wa maelezo, na mwisho wa katuni akaliandika tena. Studio ndogo ya Nairobi ikaiona, ikamuuliza, ikanitafuta. Kazi waliyonipa ndiyo iliyonunua kompyuta ninayoandikia makala hii. Simjui yule binti kwa sura mpaka leo, ila kwenye dua zangu yumo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mwanga ni wako na kamera ni yako, hakuna anayekunyang'anya. Lakini watu wakiandika chini ya posti yako "duh, jahazi limetulia hili, mpaka kiraka!" na wewe ukajibu kwa emoji ya mikono iliyokunjwa, hapo umepokea sifa ya kiraka ambacho hukukishona. Kunyamaza napo ni kusema. Watayarishaji wa Bongo Fleva waliliona hili mapema, ndiyo maana wanajitaja wenyewe ndani ya biti, utake usitake utalisikia jina. Sisi wa modeli hatuna pa kuchomeka sauti. Tunakutegemea wewe.

Cha kufanya si kigumu. Andika jina siku unayopakua, usingoje siku ya kuposti. Blender ina sehemu ya kuandika maandishi humohumo ndani ya faili: ifungue, bandika jina la modeli, la aliyeitengeneza, mahali ulipoitoa, leseni yake, na ulichobadilisha. Folda likihama, maandishi yanahama nalo. Ukisema utaandika baadaye, utajikuta saa nane usiku una faili lenye viti, miti na bajaji za watu usiowajua, na mteja anataka kazi asubuhi. Narudia: siku unayopakua.

Na liwe jina, si kiungo peke yake. Google walikuwa na ghala lao la modeli, Poly, lenye maelfu ya kazi za watu. Walilifunga Juni 2021. Waliokuwa wameweka viungo tu, viungo vyao leo havifiki popote. Waliokuwa wameandika jina, jina bado lipo.

Leseni nyingine soma mwenyewe, si nyingi. Ukiona NC, isiguse biashara. ND, usisambaze ulichokibadilisha. SA, ukibadilisha, kazi yako nayo itoke kwa leseni ileile. Wale wa MikuMikuDance, programu ya Kijapani ya kuchezesha wahusika wa 3D, ndio wakali kuliko wote: ndani ya zipu kuna faili la masharti, mara nyingi kwa Kijapani, na wapo wasiotaka hata rangi ya nywele iguswe. Litafsiri kabla hujagusa kitu. CC0, kama vitu vya tovuti ya Poly Haven, haikudai chochote. Mimi huwataja hata hivyo, hainipunguzii kitu.

Wapo watakaosema najikweza, modeli moja ya jahazi makelele yote haya. Yule sungura wa Chuo Kikuu cha Stanford mnayemwona kwenye kila somo la 3D alitokana na kinyago cha udongo walichokiskani Greg Turk na Marc Levoy mwaka 1994. Mpaka leo maabara yao inaomba itajwe kila anapotumika. Kama Stanford hawaoni haya kuomba, mimi wa jahazi nione haya ya nini?

Limebaki swali ambalo mdogo wangu hakuliuliza lakini atakutana nalo: mteja anasema hataki jina la mtu kwenye bango lake. Sawa, leseni haikulazimishi uandike juu ya picha. Inataka utaje kwa namna inayofaa mahali pale, kwa hiyo jina linaweza kukaa kwenye maelezo ya posti, au kwenye ukurasa ambao bango linauelekeza. Akikataa hata hapo, tafuta ya CC0, au mwandikie mwenye modeli umlipe akupe ruhusa nyingine, wengi wetu tunakubali. Au jenga yako mwenyewe kuanzia ule mchemraba wa mwanzo wa Blender. Mimi siku hizi ndivyo ninavyofanya, na bei ya kujenga huwa namwambia mteja kabla hajatuma malipo ya awali. Wengi wakishaisikia wanaona jina si tatizo kubwa hivyo.