Milango miwili ya seva ya leseni: kwa anayeanza kuwahudumia watumiaji walio mbali

Ukikabidhiwa kazi ya kutunza kompyuta za wahandisi, haitachukua muda mrefu kabla mtu aliye nyumbani au kwenye eneo la ujenzi hajakupigia simu akisema kwamba MATLAB, programu ya hesabu za kihandisi ambayo jana ilifunguka vizuri akiwa ofisini, leo inakataa kwa sababu haijapata leseni. Leseni zinazoelea hazifungwi kwenye kompyuta moja. Zinakaa kwenye seva, mtumiaji anaazima moja anapofungua programu na kuirudisha anapoifunga. Kwa hiyo asiyeifikia seva hana leseni, hata kama zipo kumi zisizotumika.

Kosa nililolifanya mimi, na ambalo nimewaona wengi wakilirudia, ni kudhani kwamba seva hiyo ina mlango mmoja. Programu nyingi za kihandisi hutumia mfumo wa kusimamia leseni wa FlexNet, uliokuwa ukiitwa FLEXlm, na ndani yake zinafanya kazi programu mbili. Ya kwanza, lmgrd, hupokea wageni, kwa kawaida kwenye poti, yaani mlango wa mtandao wenye namba, 27000 au nyingine iliyo karibu nayo hadi 27009. Yenyewe haitoi leseni. Humwelekeza mgeni kwa programu ya pili, ile ya mtengenezaji, ambayo kwa MATLAB huitwa MLM na kwa programu za Autodesk huitwa adskflex. Programu hiyo ya pili, isipopangiwa poti, hujichagulia yoyote iliyo wazi kila inapowashwa.

Mimi niliiona poti hiyo kwenye kumbukumbu za matukio (log) za seva, nikaiombea ruhusa kwenye fayawoli, kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, na mambo yakaenda vizuri kwa wiki kadhaa. Kisha umeme ukakatika usiku, seva ikajiwasha upya, poti ikabadilika, na asubuhi hakuna aliyekuwa nje ya ofisi aliyeweza kufanya kazi. Nilipoteza saa nyingi nikiichunguza VPN, njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Dawa yake ni maneno machache kwenye faili ya leseni iliyo kwenye seva. Tafuta mstari unaoanza na DAEMON, au VENDOR katika leseni nyingine, uongeze mwishoni port=27001, kisha uzime na kuiwasha upya huduma ya leseni. Usiogope kwamba utaiharibu leseni: jina la seva na namba za poti unaruhusiwa kuzibadilisha, lakini namba ya utambulisho wa mashine iliyo kwenye mstari wa SERVER usiiguse, kwa kuwa saini ya leseni imefungamana nayo. Baada ya hapo ndipo uombe poti zote mbili zifunguliwe, na zifunguliwe kwa walioingia kwa VPN tu. Kuziacha wazi kwa intaneti nzima ni kumkaribisha yeyote aazime leseni mlizozilipia, mbali na hatari ya kushambuliwa kwa seva yenyewe.

Jambo la pili linalosumbua ni jina. Hata mtumiaji akiandika anwani ya namba, kwa mfano 27000@10.0.0.5, seva inaweza kumrudishia jina lililoandikwa kwenye mstari wa SERVER, na kompyuta yake ikalitafuta jina hilo bila mafanikio kwa sababu haitumii DNS ya ofisi, yaani huduma inayogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani za namba. Ama VPN impe DNS ya ndani, ama uliandike jina hilo pamoja na anwani yake kwenye faili ya hosts ya kompyuta yake, ambayo ni orodha ya majina na anwani zake. Anayepita kwa SSH (njia ya siri ya kuunganika na kompyuta iliyo mbali) badala ya VPN apitishe poti zote mbili kwa namba zilezile, na kwenye hosts jina la seva lielekezwe kwa 127.0.0.1, yaani kompyuta yake mwenyewe; wengi hukumbuka la kwanza wakasahau la pili.

Namba ya kosa nayo husaidia. Kwa MATLAB, -15 mara nyingi humaanisha kwamba mtumiaji hakuufikia hata mlango wa kwanza, ilhali -96 hunifanya nianze na jina la seva au poti ya pili. Usiridhike kuona poti 27000 inajibu. Mwambie mtumiaji aijaribu na 27001, akitumia lile jina la seva, akiwa kwenye mtandao uleule anaofanyia kazi.

Kabla ya haya yote, soma mkataba wa leseni. Baadhi ya watengenezaji huruhusu matumizi ndani ya nchi moja au jengo moja tu, na mhandisi aliyesafiri anaweza kuwa nje ya ruhusa hiyo ijapokuwa fayawoli inampitisha. Kwa anayekwenda mahali pasipo na mtandao, uliza kama leseni yenu inaruhusu kuazimwa kwa siku kadhaa. Ikiruhusu, aiazime akiwa bado ofisini, maana akishaondoka hakuna poti itakayomsaidia.