Jifunze chatiplota ukiwa Moshi, kabla hujafika majini

Watu wa Moshi na Arusha wenye boti kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, au waliochangishana kununua boti ya uvuvi Pangani, mara nyingi huiwasha chatiplota yao (mashine ya GPS inayoonyesha boti juu ya ramani ya maji) kwa mara ya kwanza siku ileile ya kuingia majini. Fundi keshaifunga, injini inanguruma, jua limepiga skrini na kila mtu anabonyeza lake. Siku hiyo hakuna anayejifunza kitu. Mambo mengi yanayoharibika kwenye chatiplota ni ya mipangilio, na mipangilio hurekebishwa mezani nyumbani, hata kama maji yako kilomita mia tatu kutoka hapo.

Unachohitaji ni betri ya volti 12. Ile ndogo ya ampea-saa 7 inayotumika kwenye UPS inatosha, kwa kuwa skrini ya inchi 7 hula kama ampea 1. Utapata saa tatu au zaidi bila kuiua betri. Waya mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi, na fyuzi hukaa kwenye mwekundu, karibu na betri. Ukubwa wa fyuzi umeandikwa kwenye kitabu cha mashine, usikisie. Nyaya nyembamba za rangi nyingine ni za data. Kila mmoja uzungushie tepu peke yake, maana ukigusana na chanya unaweza kuunguza mlango wa data, na hapo mashine nzima inaenda kwa fundi. Usiiunge moja kwa moja kwenye chaja ya betri za gari bila betri, umeme wake haujatulia.

Kisha toka nje. Chini ya bati hutapata setilaiti, hata ukisubiri hadi jioni. Mashine iliyozimwa miezi mingi, au iliyotoka Dubai au Uingereza, iache uwanjani kama robo saa. Setilaiti za GPS hurusha taarifa zao zote kwa mzunguko wa dakika 12 na nusu, na mashine isiyojua iko wapi wala ni saa ngapi inaweza kuhitaji mzunguko mzima.

Kama ni ya mtumba, angalia tarehe kabla ya kitu kingine chochote. GPS huhesabu wiki 1024 kisha hurudi sifuri, na mara ya mwisho ilirudi usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Mashine ya zamani isiyosasishwa inaweza kuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Mahali ulipo itakuonyesha sawasawa, ndiyo maana muuzaji atakuambia haina tatizo. Lakini jedwali la maji kupwa na kujaa hukokotolewa kwa tarehe, kwa hiyo ukifika Tanga litakudanganya.

Mashine nyingi zina hali ya kuigiza, menyu huiita Simulator. Iwashe ukiwa ndani, na boti ya skrini itatembea huku wewe umekaa na chai yako. Hapo ndipo mahali pa kujifunzia kuweka alama, kufuta alama, kuunganisha alama kuwa njia na kubadili ukurasa wa ramani kuwa wa kina. Rudia mpaka vidole vijue. Ukimaliza, izime na uhakikishe imezimika, kwa sababu ikibaki imewashwa itakuonyesha kina cha kubuni na mahali pa kubuni, vyote kwa sura ya ukweli.

Namba za mahali ndizo zinazowapoteza wengi. Simu inakuambia katikati ya Moshi ni -3.35, 37.34. Alama ya kutoa maana yake ni kusini. Chatiplota nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa digrii na dakika, kwa hiyo ile 0.35 lazima uizidishe kwa 60, upate dakika 21, uandike S 3°21.000'. Asiyejua huandika S 3°35.000'. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na kosa la dakika 14 ni kama kilomita 26: alama yako imeshatoka mjini, inaelekea Nyumba ya Mungu. Ukisahau kubadili N kuwa S, imeruka ikweta na kutua kaskazini mwa Kenya, upande wa North Horr, zaidi ya kilomita 700 kutoka ulipo. Kosa hilo kubwa ndilo lenye nafuu, maana unaliona papo hapo. La kilomita 26, ukiwa baharini usiku, huenda usiligundue. Dawa ni kupanga simu na chatiplota zitumie mfumo mmoja, kisha kuandika alama ya nyumba yako kwa mkono na kuangalia kama inaangukia ulipo.

Waliozoea karatasi za ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, na Arusha wako wengi kwenye kazi za utalii, wana mtego wao. Ramani zile zimejengwa juu ya datumu (msingi wa kupimia namba za mahali) ya Arc 1960, wakati chatiplota hutumia WGS 84. Ukizihamisha namba bila kubadili datumu, alama inakosea kwa takriban mita 300. Ukitafuta mlima, mita 300 si kitu. Ukitafuta mlango kati ya miamba miwili, umekwisha.

Sasa tembea nayo. Mpe mtu wa pembeni aishike kwenye gari (dereva aache macho barabarani) mkienda Boma Ng'ombe na kurudi. Gari likisimama, mshale wa boti utaanza kuyumba na kugeuka ovyo. Haijaharibika. GPS ya antena moja hujua unakoelekea kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo. Ukisimama haina cha kulinganisha. Ndiyo maana boti iliyotulia kwenye nanga huonekana imeangalia nyuma. Ukitaka omo (mbele) ya boti ionekane sawa hata ukiwa umesimama, utahitaji dira ya elektroniki iliyounganishwa. Ramani ipange kaskazini juu wakati wa kujifunza. Ile inayozunguka na boti inafurahisha, ila humfanya mgeni asijue tena pwani iko upande gani.

Jaribu pia hili: weka alama moja Machame na nyingine Tarakea, halafu iamuru mashine ikupeleke. Itachora mstari ulionyooka juu ya Mlima Kilimanjaro, bila aibu. Baharini nako itapitisha mstari juu ya fungu la mchanga na juu ya mwamba vilevile. Mashine zenye uwezo wa kuchora njia zenyewe hukwepa tu yale yaliyomo kwenye kadi ya ramani, kwa hiyo kila kipande cha njia ukipitie ukiwa umevuta ramani karibu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiitazama ramani kwa mbali, mashine huficha vitu vidogo ili skrini isijae. Tarehe 29 Novemba 2014 boti ya mashindano Team Vestas Wind, yenye mabaharia wa kulipwa na vifaa vya kisasa, ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki mwa Mauritius. Miamba hiyo imo kwenye ramani. Ilihitaji kuvutwa karibu ili ionekane wazi.

Nyumba ya Mungu usitegemee kadi ikusaidie kwa kina. Bwawa lile utaliona kama doa la buluu, au hutaliona kabisa. Kinachofanya kazi ni kurekodi mwenyewe. Washa kumbukumbu ya njia, na kama mashine yako ina sonda (kipima kina) na uwezo wa kuchora mistari ya kina (kwenye Garmin huitwa Quickdraw), pita polepole kwa mistari inayokaribiana. Tumia masafa ya 200 kHz, yanafaa maji mafupi. Tatizo ni kwamba maji ya bwawa hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo kina ulichorekodi baada ya masika hakifai mwezi wa kiangazi kikali. Chagua jiwe au nguzo ya kudumu ufukweni, pima maji yamefika wapi kila siku unaporekodi, uandike pamoja na tarehe. Yakishuka mita 1.5, toa mita 1.5 kwenye ramani yako. Visiki na nyavu uziwekee alama zako, mashine haizijui.

Upande wa Tanga na Pangani hesabu ni nyingine. Kina cha kwenye ramani ni cha maji yaliyokupwa sana, si cha sasa hivi. Ramani ikisema mita 1.2 na jedwali likisema maji yamejaa mita 2.0 juu ya hapo, una mita 3.2. Wakati wa bamvu (siku za maji makubwa, mwezi mpevu na mwezi mwandamo) maji ya pwani ile hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hivyo mahali ulipopita asubuhi kwa raha jioni panaweza kuwa pakavu. Mafungu ya mlangoni mwa mto huhama, kadi haihami nayo. Hakikisha pia sonda imeambiwa iko chini ya maji kiasi gani. Ikiwa sentimita 30 chini ya uso na hukuiambia, namba unayoisoma inaanzia kwenye sonda, na kina halisi ni hicho jumlisha 30.

Alamu ya nanga: jumlisha urefu wa kamba uliyotoa, urefu wa boti na mita 10 za kosa la GPS. Kamba mita 25 na boti mita 7, weka 42. Ukiweka 15 itapiga kelele usiku kucha, mtaizima, na ndipo nanga itakapong'oka.

Kitufe cha MOB, cha mtu aliyeanguka majini, kila anayepanda boti akijaribu kabla ya safari. Boti inayokwenda noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa) husogea kama mita 5 kwa sekunde. Akitafuta kitufe nusu dakika, alama itakaa mita 150 mbele ya mtu.

Programu mpya ya mashine iweke ukiwa mjini, penye intaneti nzuri, kwa kadi ya microSD. Kwanza hamisha alama zako zote kwenye kadi nyingine, kwa sababu mara nyingine sasisho huzifuta. Na utumie betri iliyojaa, si adapta ya ukutani: umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashine inaweza isiwake tena.