Nyumba ya Mwezi, ng'ambo ya bahari yetu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni nyumba gani ya ibada ya kale, isiyo ya dini yako, ungependa kuizuru, na kwa nini?" Jibu ninalo siku nyingi. Ni hekalu la Somnath, lililoko Prabhas Patan karibu na bandari ya Veraval, pwani ya Gujarat, India. Bahari iliyo chini ya kuta zake ndiyo hii hii tunayovulia Pangani. Wazee wetu walikuwa wakienda huko na kusi, wakirudi na kaskazi.

Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, soma ni mwezi, natha ni bwana. Bwana wa Mwezi ni Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, na kisa chake wao hukisimulia hivi. Chandra, yaani mwezi, aliwaoa mabinti 27 wa Daksha, ambao ndio vituo 27 anavyopitia angani, usiku mmoja kwa kila mke. Lakini moyo wake ulikuwa kwa Rohini tu, zamu za wenzake akawa anazila. Wakaenda kumshitaki kwa baba yao. Daksha akamwapiza mkwewe akonde mpaka aishe. (Wenye wawili tu nyumbani, msicheke.) Chandra akaja Prabhas, pale mito inapoingia baharini, akaoga na kumlilia Shiva. Apizo la mkwe halikufutika, likapunguzwa makali: siku kumi na tano akonde, kumi na tano anenepe. Kwa shukrani akamjengea Shiva hekalu, tena la dhahabu, na Shiva naye akamweka kichwani. Ndiyo maana katika picha zake utamwona na mwezi mchanga kwenye nywele.

Mtoto wa mvuvi haelezwi kwamba mwezi na maji ni ndugu. Al-Biruni, mwanachuoni aliyeandika habari za India katika karne ya 11, anasema lingam, lile jiwe la Shiva, lilikuwa mahali ambapo mwezi ukichomoza na ukituwa, maji hujaa yakalifunika, yakipwa likaonekana tena. Watu wakasema mwezi unamtumikia bwana wake kwa kumwogesha. Ni yeye pia aliyeandika maneno yaliyoniteka: kwamba Somnath ilivuma kwa sababu ilikuwa bandari, kituo cha wasafiri wa kati ya Sofala, katika nchi ya Zanj, na China. Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, ndiyo sisi hao.

Wengi wakisikia Somnath hukumbuka jambo moja tu, kwamba Sultani Mahmud wa Ghazni, katika Afghanistan ya leo, alilivamia hekalu mwaka 1026, akalivunja na kubeba mali. Ni kweli, na kidonda hicho bado kinatoneshwa katika siasa za India. Lilijengwa upya likabomolewa tena, na hili la sasa lilianza baada ya uhuru kwa msukumo wa Sardar Patel, mmoja wa viongozi wa uhuru. Rais Rajendra Prasad alishiriki kusimika lingam tarehe 11 Mei 1951. Ila mimi hunipendeza zaidi habari ya mwaka 1264, ambayo haisimuliwi sana. Mwenye meli wa Hormuz, bandari ya Uajemi, jina lake Nuruddin Firuz, alipata ardhi katika mji huo huo, akajenga msikiti kwa msaada wa wakubwa wa mji. Aliacha maandishi ya Kiarabu na ya Kisanskriti. Katika yale ya Kisanskriti, Mwenyezi Mungu anaitwa Vishvanatha, Mola wa ulimwengu, na tarehe imeandikwa kwa kalenda nne, ya Hijra ikiwamo.

Kuhusu sikukuu, Mahashivratri huangukia Februari au Machi, usiku, muda mfupi kabla ya mwezi kuandama, wakati Chandra amekonda kabisa. Watu hukesha, lingam likimwagiwa maji na maziwa na kutandazwa majani ya mti wa bilva. Mwezi wa Shravan wa kalenda ya Kihindu, Jumatatu hufurika watu, kwa kuwa kwao siku hiyo ni ya Soma. Lakini mimi ningechagua Kartik Purnima, mwezi mpevu wa Novemba au karibu yake, kunapokuwa na gulio kubwa. Waumini husema usiku wa manane mwezi husimama juu kabisa ya kilele cha hekalu.

Katika wilaya hiyo hiyo kuna kijiji cha Jambur, wanakoishi Wasidi, Waislamu ambao mababu zao walitoka Afrika. Ngoma yao wanaiita goma. Hapo sitahitaji mkalimani.

Nasikia asiye Mhindu hutakiwa kuomba idhini kabla ya kuingia hekaluni, na simu huachwa nje. Haidhuru. Wakininyima, nitashuka ufukweni siku ya bamvua, nikae nitazame maji yakijaa.