Kabla trekta haijaingia shambani, ongea na dereva

Wakulima wa Njoro, Molo na kote kwenye miteremko, tuongee hii maneno ya kulima kabla mvua ya Machi haijafika. Madereva wengi wanapenda kulima wakipanda na kushuka mteremko kwa sababu ni haraka, lakini kila mfereji wanaouacha unakuwa barabara ya maji, mvua ikinyesha udongo unashuka hadi mtoni, kama huku kwa Mto Njoro, mto unaupeleka Ziwa Nakuru, na unaoenda kwanza ni ule wa juu wenye rutuba, pamoja na mbolea umenunua na pesa yako. Mwambie alime akikata mteremko, hata kama ataitisha pesa zaidi. Waliofika Katuk Odeyo kule Nyakach wameona vile korongo linaweza kumeza mashamba ya watu.

Halafu hii tabia ya plau, haro ya kuvunja mabonge, alafu haro tena mpaka udongo unakuwa vumbi, tuiache jameni. Udongo uliosagwa hivyo matone ya mvua yanauziba juu, maji hayaingii, yanateleza tu. Na pale chini plau inaposugua kila mwaka panakuwa pagumu. Chimba kando ya mahindi yako, mara nyingi kwa kama sentimita 20 jembe linagonga kitu kama sakafu, angalia mizizi, imeshuka vizuri alafu ikapinda ikaanza kutembea kando. Mahindi kama hayo jua likiwaka kidogo yanakunja majani na chini bado kuna unyevu!

Hapo tumia ripa, chuma cha kuvutwa na trekta, inapasua mstari bila kugeuza udongo, lakini ipitishwe ardhi ikiwa kavu, Januari ama Februari. Unapanda kwenye ule mstari, katikati unaacha na mabua.

Mabua ndiyo vita, najua, ng'ombe naye anayataka. Mimi napanda nyasi ya nepia kwenye kontua, ile mistari inayokata mteremko, inashika udongo na ng'ombe anakatiwa hapo, mabua yanabaki yafunike angalau theluthi ya shamba. Kuyachoma, tafadhali, hapana.

Magugu yatakusumbua misimu ya kwanza, usirudi kwa plau, palilia juu juu ama upige dawa, na upande maharagwe ama njahi katikati yafunike ardhi. Na kama kukodisha ripa ni ghali, ongeeni majirani wa mteremko mmoja muiite siku moja, maji ya juu yanapitia kwa kila mtu.