Usingoje Alie Ndipo Umbebe

Mwanangu wa kwanza alipoingia wiki ya tatu, alianza kulia kila jioni. Adhana ya magharibi ikimalizika tu, naye anaanza. Anakunja magoti, anakaza ngumi, uso unamwiva. Nikimpa ziwa ananyonya mafunda mawili, analiachia, anarudi kulia mpaka saa 3 usiku, siku nyingine saa 4. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Temeke, ukuta mmoja na majirani, na kila alipopaza sauti niliona kama mtaa mzima unanihesabia makosa.

Ushauri ulimiminika. Jirani mmoja alisema ni mchango, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Mwingine alisema maziwa yangu ni mepesi. Wa tatu akanituma duka la dawa nikanunue maji ya tumbo, yale yaitwayo gripe water. Nilimshukuru kila mmoja, maana walikuja kwa mapenzi, lakini sikumpa mtoto chochote. Nesi wa kliniki alishanieleza, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, kwamba miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Mizizi haina kipimo, na figo za mtoto wa wiki tatu bado ni changa mno. Hayo maji ya tumbo nayo yalianzia Uingereza karne ya 19, na kwa miaka mingi yalikuwa na kileo ndani yake. Ya siku hizi mengi hayana, ila mimi sikuona sababu ya kuyajaribu.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe, alipofika kutoka Muheza. Saa 10 alasiri, mtoto katulia, hana neno, akamchukua akamfunga kifuani kwa kanga na kuanza kuzunguka naye uani, huku akianua nguo. Nikamuuliza, "Mama, mbona hajalia?" Akanijibu, "Akishalia, mwanangu, hasikii tena la mtu. Mwahi." Jioni ile alilia, lakini kidogo kuliko jana yake.

Sitaki kudai kwamba kanga ilimaliza kila kitu. Kilio cha jioni kwa kawaida hupanda mpaka kwenye wiki ya 6 hivi, kisha hushuka, na kwa watoto wengi hupungua sana kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Kwa hiyo huenda umri nao ulinisaidia. Lakini baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliofanywa Montreal, Kanada, ukatolewa mwaka 1986. Kina mama waliombwa wawabebe watoto wao muda mrefu zaidi kila siku, hata wakiwa hawalii. Walipofika wiki 6, watoto hao walikuwa wakilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Mwaka 1991 kukatoka utafiti mwingine, safari hii kwa watoto ambao kilio kilishawakolea, na kuwabeba zaidi hakukuleta tofauti. Niliposoma hayo nikalikumbuka neno la mama mkwe. Mtoto wa pili nilimbeba tangu wiki ya kwanza, asubuhi na alasiri, nikifanya kazi zangu nyepesi. Jioni zake zilikuwa tofauti kabisa.

Mtoto mchanga mfunge kifuani, uso wake uuone muda wote, kidevu kisigande kifuani pake, na kichwa kiwe karibu kiasi cha kukibusu. Usimbebe hivyo ukiwa jikoni penye moto. Kisha tembea, kusimama mahali pamoja hakumtulizi sana. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2022 kwamba dakika 5 za kutembea ziliwalaza karibu nusu ya watoto waliokuwa wakilia, na kwamba ni vizuri kukaa naye dakika 5 mpaka 8 akiwa amelala ndipo umlaze. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea. Nilikuwa namlaza papo hapo alipofumba macho, mgongo ukigusa godoro tu, macho hayo.

Halafu joto. Dar es Salaam, mwezi wa kwanza, mtoto kavishwa kofia, soksi na sweta kwa kuogopa baridi! Ingiza mkono nyuma ya shingo yake. Pakiwa na jasho, mvue.

Akishanyonya mweke begani abeue. Hilo wengi mnalijua.

Nanyi kina mama, usiku mmoja nilihisi mikono yangu inataka kumtikisa. Nilimlaza chali kitandani kwake, nikatoka uani nikanawa uso, nikamwamsha baba yake. Kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo na kumuua. Dakika chache za kulia peke yake mahali salama hazimdhuru. Ukifika hapo mwite mtu, hata kama ni saa 8 usiku.

Kuna kilio kisichohitaji kanga. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akiwa na joto la 38 au zaidi, akikataa kabisa kunyonya, akitapika kijani, akitoa damu kwenye choo, utosi ukivimba, mbavu zikibonyea ndani anapopumua, akilegea, akipata degedege, au akilia kwa sauti ya ajabu ambayo hujawahi kuisikia kwake, nenda hospitali usiku huohuo. Usisubiri kupambazuke.

Mdogo wangu anajifungua mwezi ujao. Nimemwekea doti mbili za kanga, na nimeshazifua mara tatu ili wanga utoke, kwa sababu kanga mpya ni ngumu na fundo lake huteleza.